Sindano Namba Tisa

Lubumbashi, Kamalondo, 3 Februari 1975

Mdogo wangu Honorine,

Najua siku hizi tunatakiwa kukuita Citoyenne Chola, Mwananchi Chola, maana majina ya ubatizo yamekatazwa, lakini ulimi wangu ulizoea Honorine tangu tulipokaa benchi moja pale foyer, shule ya wanawake ya kazi za mikono, na ndani ya bahasha hakuna askari anayesikiliza. Usishangae mwandiko. Anayeandika ni Bahati, binti yangu. Mimi nasema maneno huku mikono iko kazini, kwa sababu kazi ni nyingi.

Nimekuandikia kwa shida ya sindano. Unakumbuka zile Mésange za Ubelgiji, za kijivu, zenye kandege kamechorwa kichwani, ambazo Sista alitufundishia kufuma? Zimebaki jozi tano kwa wanawake wanane. Jozi mbili zimepinda. Moja imepoteza kichwa, vitanzi vinamwagika upande wa pili kama maharagwe, mpaka tukaichomekea kizibo cha chupa. Désiré, fundi wa baiskeli, alitunolea spoki kwenye jiwe. Spoki ni nyembamba mno, ni nzito, na ncha yake inatoboa kidole kabla haijatoboa kitanzi. Na duka la Mgiriki karibu na posta, ulilolijua, tangu lilipopewa mwananchi mwenye cheo halina tena sufu wala sindano. Ukiingia utakuta bia na sabuni.

Wewe unavuka mpaka kila juma kwenda kuuza na kununua Zambia. Niangalie huko kuna sindano gani, za nani, za namna gani, na uniambie kila moja tabia yake kama ulivyokuwa ukimweleza Sista, maana hakuna mtu aliyejua sindano kukushinda.

Kipushi ni kilometa thelathini tu, na huu mwaka wa pili hatujaonana. Sikulaumu. Mimi pia sijaja.

Msalimie mumeo Mumba. Bahati anamsalimia mama yake mdogo.

Ndugu yako,
Feza Alimasi


Kipushi, 19 Februari 1975

Yaya Feza,

Barua yako Clément, dereva wa camion, alinipa, nikasoma, nikaiweka, nikasoma tena. Félicitations, hongera kwa secrétaire yako. Siye benye kuandika na mukono yetu wenyewe tuko tunakusalimia, dada mukubwa.

Nilienda Chingola, kule Zambia, siku ya soko. Sindano iko, na iko ya namna tatu.

Ya kwanza ni plastiki, jina yake Kamini, inatoka India. Rangi iko muzuri, nyekundu, bleu, kama peremende. Lakini joto ya mukono inailegeza. Ukifuma mustari kumi inapinda kama kijiti mubichi, na laine, uzi ya sufu, inaigandamia, unasukuma kitanzi hakitembei. Iko muzuri kwa mutoto anajifunza, kwa sababu haitobole mutu.

Ya pili ni ile ya kuzunguka, sindano mbili fupi na katikati kamba ya nylon. Unafuma mwili ya triko, sweta muzima, bila mushono ya ubavuni. Lakini kamba inakumbuka vile ilikunjwa ndani ya pakiti, inajikunja kama nyoka. Inafaa uitie kwanza ndani ya maji ya moto. Na pale kamba inakutana na chuma, laine inakwama kila mara. Banamuke bako batakutukana.

Ya tatu njo sindano ya kweli. Jina yake Halcott, ya Mwingereza, chuma tupu yenye kupakwa nikeli. Ncha yake ni ndefu, inaingia ndani ya kitanzi bila kubisha hodi. Haichafue laine kama aluminium ya Mésange, unakumbuka vile vidole vyetu vilikuwa vyeusi? Shida yake ni mbili. Iko nzito, na ukiilaza na jasho inaota kutu. Inafaa kupanguswa kila jioni na kitambaa yenye mafuta kidogo.

Na jambo moja ingine. Bale Baingereza banahesabu kinyume. Kwa Mésange, namba tatu ni milimita tatu, namba ine ni nene zaidi. Kwa Halcott, namba ikipanda, sindano inakonda. Namba kumi na moja iko nyembamba kupita namba saba. Usinunue kwa namba. Nunua kwa macho na kwa vidole.

Mumba iko muzima. Anashuka chini ya udongo ndani ya mugodi asubuhi, anapanda magaribi. Miye pa barrière ya mupaka basoldat bananipapasa kila juma, banatafuta kama nimeficha sukari. Njo maisha ya Kipushi. Hakuna foyer huku yenye kunifaa.

Honorine Chola


Lubumbashi, 2 Machi 1975

Mdogo wangu,

Nilimwambia Bahati anisomee barua yako mara mbili mbele ya wanawake wote, wakacheka kwa ile ya kubisha hodi. Siku hizi barua za Kipushi tunazisikiliza pamoja, maana zinahusu kazi ya wote. Mama Ngosa, yule mjane mrefu mwenye mkono mzito, amesema wewe ndiye ungefaa kuwa mwalimu wetu. Nimemjibu ni kweli.

Sasa sikiliza neno kubwa. Watu wa zone, ofisi ya serikali ya mtaa wetu, wameleta kazi. Tarehe 20 Mei ni sikukuu ya Chama, na watoto arobaini na wawili wa animation, wale wa nyimbo na ngoma za kumsifu Rais, watasimama barabarani tangu alfajiri, kwenye baridi, wakiimba. Wakubwa wanataka triko arobaini na mbili za kijani, zilizofanana kama mapacha. Mama Directrice, mkuu wa foyer, amesema tukifanya vizuri atanithibitisha kuwa monitrice mkuu, mwalimu wa walimu wa kufuma, na chumba chetu kitapanuliwa. Tukifanya vibaya hakusema kitu, na wewe unajua wakubwa wakinyamaza wanamaanisha nini.

Nimegawa kazi hivi: watatu wanafuma vifua, wawili migongo, watatu mikono, kisha tunaunga. Patani yetu, kielelezo cha kufumia, ni ya Mésange namba tatu. Wanne watatumia Mésange zilizobaki, pamoja na moja aliyoninyooshea Désiré. Wanne hawana kitu. Ninataka Halcott jozi sita, mbili za akiba, unene uleule wa Mésange tatu, hata unywele usizidi.

Natuma na Clément sindano moja ya Mésange, iliyopoteza mwenzake. Ipime huko, uniambie kwao inaitwa namba ngapi, ulete hiyohiyo. Ningekuja Chingola kuchagua mwenyewe, lakini foyer haina mtu wa kumwachia funguo. Nakuamini wewe.

Feza


Kipushi, 14 Machi 1975

Yaya,

Nilichukua kifuniko cha boîte ya maziwa, nikakitoboa na Mésange yako, tundu ikawa sawasawa na shingo yake. Nikaenda nayo Chingola. Nikaingiza Halcott moja moja ndani ya ile tundu mbele ya muuzaji, akaniuliza kama miye ni wa douane, ya ushuru.

Mésange tatu, kwa Halcott, ni namba tisa.

Jozi sita iko ndani ya kitambaa, nilizifunga na majani ya chai juu ili pa barrière basifungue. Usijali. Kama mukono itaona ni nzito, ni chuma, haiko unene. Banamuke bako batazoea.

Nafurahi kusikia utakuwa monitrice mukubwa. Ulistahili toka zamani.

Honorine


Lubumbashi, 6 Aprili 1975

Mdogo wangu mpenzi,

Mungu akulipe. Sindano zimefika zote, zinang'aa kama vijiko vya harusi. Wanawake walizigombania. Sasa foyer yetu inalia mlio mpya, chuma kwa chuma, tik tik tik, na walio na Mésange wanaona wivu kwa sababu zao ni bubu.

Vifua ishirini vimekwisha, migongo kumi na saba, mikono zaidi ya thelathini. Tunahesabu vitanzi, tisini na sita kwa kifua, hapana mtu anayekosea hesabu, namsimamia kila mmoja. Mama Ngosa peke yake ndiye msumbufu. Juma lililopita alikuja na kipande chake akasema, "Mama Feza, hizi za Zambia ni nene. Kitambaa changu kinapitisha mwanga." Nikamwambia ni uzito wa chuma unaomdanganya, na kama mkono wake ni mlegevu akaze uzi. Akasema niweke kipande chake juu ya kipande cha mwenzake, nitaona. Nikamwambia Honorine alipima kwa tundu la kifuniko, na Honorine hajawahi kukosea hata nusu kitanzi. Akaondoka amenuna.

Tukimaliza, njoo. Nitapika wali wa Kikasongo, tukae kama zamani.

Feza


Kipushi, 17 Aprili 1975

Yaya Feza,

Miye nilifikiri ule Ngosa anasema kitu yenye maana. Kabla ya kuunga, chukua Mésange moja na Halcott moja, uzisokote katikati ya kidole gumba na kile cha kuonyesha, funga macho. Najua mukono yako. Sista alikuwa anakupa sindano kumi ndani ya mufuko, na weye unazipanga kwa unene bila kuangalia. Mukono yako itakuambia.

Fanya vile mwenyewe. Usimutume Bahati.

Honorine


Lubumbashi, 24 Aprili 1975

Honorine,

Miaka sita nafundisha kazi hii. Sihitaji kufundishwa kushika sindano kama msichana wa darasa la kwanza. Uliniambia tisa, nimetumia tisa.

Feza


Lubumbashi, 29 Mei 1975

Honorine,

Umesikia, maana habari kama hizi hutembea kasi kuliko lori la Clément. Lakini nitakueleza mwenyewe.

Tulianza kuunga tarehe 11. Kifua kilikuwa kipana kuliko mgongo vidole vitatu, vinne. Mkono mmoja wa triko ulimfika mtoto kwenye kifundo cha mkono, wa pili ulimvuka vidole. Tulivuta, tulikunja ndani, tulibana kwa maji ya moto na pasi ya makaa. Siku tisa kwa kazi ya siku thelathini. Wanawake walilia. Mimi sikulia, niliwaambia waendelee kuunga.

Tarehe 20 watoto walisimama barabarani. Kulikuwa na baridi ya kweli. Walipoinua mikono kuimba, kola ziliteleza mpaka mabegani, na mtoto mmoja wa mstari wa mbele alinaswa na mkono wa triko lake mwenyewe akaanguka. Watu wakacheka. Mwanzo walicheka kidogo, halafu wakacheka wengi, na jukwaani wakubwa waliona watu wanacheka siku ya Chama.

Kesho yake nilichukuliwa kwenda ofisi ya zone. Waliniweka siku tatu kwenye kiti. Hawakunipiga. Kila saa aliingia mtu mpya na kuuliza swali lilelile: nani alikutuma kuchekesha watu. Neno walilotumia ni sabotage, hujuma. Siku ya tatu wakasema, kama si wewe, basi ni nani kati ya wanawake wako. Nikasema Mama Ngosa.

Nilisema kwa sababu ndiye aliyekuwa na kipande kibaya kuliko wote, na ndiye aliyenisumbua tangu mwanzo. Niliwaambia mkono wake mlegevu ndio ulioharibu. Nikatolewa, akachukuliwa yeye. Mpaka leo yuko huko. Dada yake anakuja uani kwangu kila asubuhi anakaa kwenye kigoda.

Zone imetupa majuma matatu tufumue zote arobaini na mbili na kufuma upya. Mama Directrice amenipokonya funguo za foyer mpaka kazi ikamilike, kwa hiyo tunafumulia hapa uani. Uzi uliofumuliwa umejikunja kama nywele, tunauosha na kuutundika na mawe chini ili unyooke.

Wanawake wanasema ni sindano. Nimewaambia Honorine alipima. Niandikie neno moja nitakaloweza kuwasomea, kwamba tisa ni tisa, ili wanyamaze.

Feza


Kipushi, 8 Juni 1975

Yaya Feza,

Barua hii soma peke yako. Usiwasomee banamuke.

Tisa haiko tatu. Ile Mésange yako iliingia ndani ya tundu sawasawa na Halcott kumi na moja. Nilijaribu mara tatu, pale pale mbele ya muuzaji. Kumi na moja ilikuwa mezani, jozi nyingi. Nikachukua tisa.

Sikufanya kwa kusahau. Nataka ujue vile.

Mwaka ya 1969 tulibaki siye wawili kwa nafasi moja ya monitrice. Nilikuambia siri, weye peke yako, kama Mumba anahamishwa Kipushi, lakini miye sitaenda. Nitabaki kwa dada yangu kule Lubumbashi, mutaa ya Katuba, nitafanya kazi, Mumba atakuja kila Jumapili, siku ya mungu. Hata yeye alikuwa amekubali. Weye ulienda kwa Directrice ukamuambia ile nusu ya kwanza. "Honorine anamufuata bwana yake Kipushi." Nusu ya pili ukaimeza. Siku nilienda kuchukua jibu, Directrice akanishika mukono, akasema, mama, pole kwa safari, Feza alitueleza. Nikasema asante. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, sikujua namna ya kumuambia muzungu kama rafiki yangu alisema uongo. Nikafuata Mumba. Toka siku ile hakuna mutu ananiita mwalimu. Soldat pa barrière ananiita weye ule wa matako.

Halafu unaniandikia kwa mukono ya secrétaire, unaniambia nikutafutie sindano ili uwe mukubwa zaidi. Nikasema acha aone. Nilifikiri utazishika, utajua palepale, vile ulijua siku zote. Utaaibika mbele ya banamuke yako kwa kuagiza kitu mbaya, utakuja kunitukana hapa Kipushi, na miye nitakuambia ile ya 1969 uso kwa uso. Ile tu njo nilitaka. Nilipoona haukujua, nikakuandikia zisokote na vidole. Weye ukanijibu kwa mustari tatu. Nikasema basi, kiburi yake imuue.

Sikufikiri watoto. Sikufikiri zone. Na ule Ngosa, kosa yake moja njo kusema kweli.

Sasa fanya hivi. Peleka Halcott tisa na Mésange tatu kwa bale bakubwa, uziweke pamoja mezani. Bawambie ni mutu wa Kipushi, Chola, muke ya Mumba, njo aliuza namba ya uongo. Bakinitafuta batanikuta. Ngosa atoke. Lakini ile ya 1969 usiseme kwa mutu, na miye sitasema. Ile ni yetu wawili.

Natuma Halcott kumi na moja, jozi nane.

Honorine


Lubumbashi, 1 Julai 1975

Kwa Honorine Chola,

Clément alileta barua yako asubuhi moja ya mwezi uliopita. Tulikuwa uani watu saba, tunafumua, na dada ya Ngosa amekaa kwenye kigoda chake. Wote walijua ni jibu nililoliomba. Bahati akafungua akasoma kwa sauti, kama kawaida, "Barua hii soma peke yako." Akanitazama. Wanawake wakaanza kuinuka ili wanipishe, wakangoja ninyooshe mkono nichukue karatasi.

Sikuunyoosha mkono. Sasa nitakuambia sababu, kwa kuwa hakuna cha kuficha tena. Nina ugonjwa wa sukari. Daktari aliniambia mwaka juzi. Macho yameondoka polepole: naona mlango, naona mtu, sioni herufi wala kitanzi. Vidole vimekufa ganzi mpaka kwenye kiungo cha pili. Nikishika sindano najua nimeshika kitu, sijui ni nene au nyembamba, sijui ni ya nani. Mwaka wote huu nimesimamia wanawake kwa kuuliza hesabu na kusikiliza milio. Ndiyo maana nilikutumia wewe ile Mésange. Bahati ndiye peke yake aliyejua. Mama Directrice angejua, ningetoka foyer siku hiyohiyo, na mtoto wangu angetoka shule.

Kwa hiyo ningechukua karatasi ile nifanye nini? Ningeigeuza juu chini mbele yao. Niliogopa. Nikasema, "Keti, wanawake. Soma, Bahati. Mimi na Honorine hatuna siri."

Akasoma yote. Alipofika 1969 sauti yake ilishuka, nikadhani ataacha, lakini sikumwambia aache, na yeye amelelewa kutii. Alisoma mpaka jina lako.

Dada ya Ngosa aliinuka, akaichukua barua mkononi mwa Bahati, akachukua Halcott moja na Mésange moja, akaenda zone. Wanawake wengine walimfuata. Mama Ngosa alitoka tarehe 19 Juni. Jina lako wanalo, na langu wanalo upya, maana niliwadanganya juu ya Ngosa. Mama Directrice naye barua ilimfikia. Alinisamehe sindano. Kisha akanipa barua niisome mbele yake, nikashindwa; macho hakunisamehe.

Ya 1969 ni kweli. Nilikuwa mjane, Bahati alikuwa na miaka kumi na moja, na nilijua kazi yako ni nzuri kuliko yangu. Nilisema nusu kwa sababu ile nusu haikuwa uongo. Sikuombi msamaha, kwa kuwa najua usingenipa, na wewe usiniombe. Kama ungekuja hapa mwaka 1969 ukanipiga kofi, ningelichukua. Ulichagua kungoja mpaka mkono wangu ufe.

Bahati aliniuliza jioni ile kama ni kweli. Nilimwambia ni kweli.

Wanawake wangu bado wako nami. Triko zilikwisha kwa siku zilizopangwa, zikapokewa. Kazi inaendelea, na maisha yetu ni mazuri. Usitume sindano tena. Usiandike tena. Nikipata barua yako sina mtu wa kunisomea isipokuwa mtoto wangu, na sitaki sauti yake iseme maneno yako.

Feza Alimasi


Mama mdogo,

Mama ameshika karatasi, ameweka alama yake, amenirudishia niifunge. Naongeza haya mimi, Bahati.

Si kweli kwamba wanawake wako naye. Hakuna aliyerudi tangu siku ile. Triko walizimalizia kwa Mama Ngosa, upande wa soko, kwa zile jozi nane za kumi na moja ulizotuma. Zile za tisa pia anazo, anafumia shali, anasema kwa shali ni sindano nzuri sana. Wanawake wote saba wako kwake. Mimi pia naenda kwake baada ya masomo, kwa sababu lazima mtu wa nyumba hii ajue kufuma. Mama nimemwambia natafuta masomo ya ziada.

Yeye anakaa uani. Ana Mésange mbili na kibonge cha uzi wa kijani uliokataa kunyooka. Anafuma mstari, unamponyoka, anauanza tena. Kitanzi kikianguka hajui, anaendelea kuhesabu mpaka tisini na sita.

Mama amesema nisikusalimie. Hajui nimeandika hapa chini. Kwake karatasi hii inaishia popote nitakapomwambia imeishia.

Bahati